Utafiti wa Moshi Ulivyobadili Jiko Langu

Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari mkoani Kilimanjaro kwa zaidi ya miaka ishirini, na mada ya mmeng'enyo wa chakula naifundisha bila kufungua kitabu. Kinywa, umio, tumbo, utumbo mwembamba, vimeng'enya, ufyonzwaji. Tukifika utumbo mpana tulikuwa tunapita mbio: maji yanafyonzwa, mabaki yanakuwa kinyesi, haya andikeni zoezi. Siku hizi hapo ndipo ninapokaa kuliko mahali pengine pote, darasani hata jikoni kwangu. Utumbo mpana umebadili ninachonunua sokoni, ninachopika na ninachowapakulia wanangu. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kilichonigeuza kimepimwa hapa hapa Moshi, kwa damu ya watu wa hapa na kwa chakula cha hapa, na majirani zangu wengi bado hawajakisikia.

Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini na mitano nilipogundulika nina shinikizo la damu. Daktari aliniandikia vidonge, akaniambia nipunguze chumvi na mafuta, na nitembee. Kipimo cha sukari kilionyesha kwamba sijafika kwenye kisukari, ila niko njiani. Chakula changu kilikuwa chakula cha mjini: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari na chapati, mchana wali mweupe au chipsi za karibu na shule, jioni ugali wa sembe na mboga ya kuunga. Kwenye vikao, misiba na harusi, soda. Hakuna ambaye angeniita mlafi. Nilikula kama wenzangu wote wanavyokula.

Mama yangu yuko Marangu, amevuka themanini, na presha yake huwashangaza wauguzi. Anakula kiburu, yaani ndizi zilizopondwa pamoja na maharage. Anakula mtori, na mnafu uliochumwa kihambani asubuhi ileile, na uji wa ulezi, na maziwa mgando. Nilipompa habari zangu alinijibu, "Mwanangu, rudi kwenye ndizi." Nikaitikia kwa heshima, kama inavyompasa mtoto, lakini moyoni sikukubali. Mama hakutofautiana nami kwa chakula peke yake. Amepanda na kushuka mlima maisha yake yote, hulala mapema, hajui foleni za stendi wala moshi wa magari, na hana mkopo wa benki. Nani ajuaye ni kipi kati ya hivyo kilichomlinda? Mzee mmoja mwenye afya njema hathibitishi kitu. Hilo nawafundisha watoto wa kidato cha kwanza: ukitaka kujua kisababishi, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo.

Mwaka 2021 watafiti wa hapa kwetu, hospitali ya KCMC, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walichapisha utafiti katika jarida la Nature Immunology. Jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la Mtanzania, Godfrey Temba. Walikuwa wamepima damu ya watu 323 wenye afya, wa Moshi mjini na wa vijijini, wakazichokoza chembe zao za kinga maabarani ili waone zinavyojibu. Za watu wa mjini zilielekea zaidi kwenye inflamesheni. Huo ndio mwitikio tunaouona tukijikata: sehemu inafura, inakuwa nyekundu, inapata joto, kisha kidonda kinapona na mambo yanatulia. Hatari ipo pale usipotulia, ukawa unaendelea chini kwa chini ndani ya mishipa na viungo kwa miaka bila maumivu yoyote. Hali hiyo inahusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari na magonjwa mengine yasiyoambukiza. Katika damu ya watu wa vijijini walikuta viambata zaidi vitokanavyo na mimea, kimojawapo kinaitwa apijenini, ambavyo huutuliza mwitikio huo.

Niliusoma, nikavutiwa, na shaka yangu ikabaki palepale. Mjini na kijijini kunatofautiana kwa mambo mia. Kulinganisha pekee hakutoshi.

Aprili 2025 kundi hilohilo likatoa jaribio lililonimaliza, katika jarida la Nature Medicine. Safari hii waliwabadilishia watu sahani. Walishiriki wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini, waliozoea chakula cha asili, walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Magharibi chenye vitu vingi vilivyosindikwa. Wa mjini walipewa kwa wiki mbili chakula cha asili cha Kilimanjaro: mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, vyakula vilivyochachuka. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachuka, kwa wiki moja. Wachache waliachwa na chakula chao cha kila siku ili wawe wa kulinganishia. Damu ilichukuliwa kabla, ikachukuliwa mwishoni, na ikachukuliwa tena baada ya wiki nne.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Watu hawa hawakugeuka watu wengine. Umri wao, ukoo wao, utoto wao, vyote vilibaki vile vile. Kilichobadilishwa kilikuwa kwenye sahani, na damu ikajibu. Kwa waliohamishiwa chakula cha Magharibi, protini zinazoashiria inflamesheni zilipanda, na chembe zao za kinga zikapungukiwa nguvu ya kujibu vimelea. Kwa waliorudishwa kwenye chakula cha asili, na kwa waliokunywa mbege, mwelekeo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa kutulia. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata baada ya zile wiki nne. Wiki mbili tu! Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mwili wa mtu wa umri wangu umeshaamua mambo yake, kwamba kilichobaki ni vidonge na uvumilivu. Jaribio hili lilinionyesha kwamba mwili unasikiliza sahani ya wiki hii.

Naeleza pia mipaka yake, maana ushuhuda usiotaja mipaka hudhuru. Walipimwa wanaume pekee, tena wenye afya, kwa muda mfupi. Hakuna aliyeponywa ugonjwa wowote katika jaribio hilo, na hakuna aliyedai hivyo. Na mbege ni pombe. Kilichowavutia watafiti ni mazao ya uchachukaji wa ndizi na ulezi, na hilo halimpi mtu ruhusa ya kushinda kilabuni. Mimi sinywi, na anayetumia dawa za presha azungumze na daktari wake kuhusu kileo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa nirudi kwenye utumbo mpana. Katika mwili wa mtu mzima kuna bakteria wapatao trilioni 38 kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2016, idadi inayokaribiana na ya seli zetu wenyewe, na walio wengi kabisa wanaishi kwenye utumbo huo. Sisi hatuna vimeng'enya vya kuvunja makapimlo, zile nyuzinyuzi za mboga, maharage na ganda la nafaka. Yanapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba yakiwa mazima, yanafika kwa bakteria, nao wanayachachusha. Katika kuchachusha wanatoa asidi, mojawapo asidi butiriki, na hiyo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Kwa hiyo bakuli la maharage linalisha mara mbili: kwanza mimi, kisha wao, nao wanaurudishia ukuta wangu ulinzi.

Makapimlo yakikosekana je? Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba bakteria walionyimwa makapimlo huanza kula ute unaofunika ukuta wa utumbo, kama mifugo iliyokosa malisho inavyovamia shamba. Ute ukipungua, vimelea wanaukaribia ukuta, na kinga inaingia vitani.

Kwa watu lipo jaribio la 2015 ambalo ni ndugu wa lile la Moshi. Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake waliwachukua Wamarekani Weusi 20 na Waafrika Kusini 20 wa vijijini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipandishwa kutoka gramu 14 hivi za makapimlo kwa siku hadi 55, na Waafrika Kusini wakashushwa kutoka 66 hadi 12, huku mafuta yakiongezwa. Utengenezaji wa butiriki ukaongezeka mara mbili na nusu kwa wale wa kwanza, na ukapungua kwa nusu kwa wa pili. Dalili ndani ya utumbo zinazohusishwa na hatari ya saratani zikafuata njia hizohizo. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji nchini Uganda, alishasema katika miaka ya 1970 kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya hayakuonekana sana kwa wakulima wa Afrika kwa sababu ya makapimlo. Wakati ule ilikuwa hoja ya mtu aliyetazama kwa makini. Sasa vipo vipimo.

Na wapo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa mizizi, ubuyu, matunda ya porini, asali na nyama. Sampuli zilizokusanywa kwao na matokeo kuchapishwa katika jarida la Science mwaka 2017 zilionyesha kwamba aina fulani za bakteria hufifia msimu mmoja wa mwaka na kurejea msimu mwingine, chakula kinapobadilika. Habari hii inanipa matumaini makubwa kuliko zote. Kilichofifia kinaweza kurudi, mradi hakijapotea kabisa.

Basi nilifanya nini? Nilianza na unga. Sembe imeondolewa ganda na kiini, imebaki wanga. Nilihamia dona. Watoto walilalamika rangi, mume wangu alilalamika ladha, nikawapa muda kwa kuchanganya nusu kwa nusu, kisha nikaendelea kupunguza sembe mpaka ikaisha nyumbani. Mahindi yaleyale yanatoa unga mwingi zaidi yasipokobolewa, na fedha ya kukoboa inabaki mkononi, kwa hiyo anayesema chakula hiki ni cha wenye uwezo sikubaliani naye. Ila dona haikai sana, kwa sababu kiini kina mafuta. Saga kidogo kidogo.

Hapa nina onyo, na naomba lisomwe taratibu. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo, kwa maana sehemu yake kubwa iko kwenye ganda na kiini. Ukila dona ya mahindi mabovu, unaila karibu yote. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kwa hiyo sinunui unga nisioujua. Nanunua mahindi, nayatandaza, nachambua yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu, nayatupa mahali ambapo hata kuku hawayafikii, kisha nahakikisha yaliyobaki yamekauka sawasawa kabla ya kuyapeleka mashineni. Kuchambua kunapunguza hatari, hakuiondoi yote, maana sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupikwa. Anayesifu chakula cha asili bila kutaja ghala anawapeleka watu pabaya.

Kisha ndizi. Ndizi mbichi ina wanga ambao sehemu yake haivunjwi kwenye utumbo mwembamba, unafika kwa bakteria kama makapimlo. Kiburu cha maharage kimerudi mezani kwangu, machalari pia, na makande. Kiporo cha makande kina faida yake, kwa kuwa wanga uliopikwa ukapoa hugeuka kwa sehemu kuwa mgumu kuvunjwa, na ukipashwa moto bado unabaki na kiasi cha ugumu huo. Kihifadhi kwenye baridi, kipashe mpaka kichemke. Mboga za majani sizipiki tena hadi zife, na siku haipiti bila mboga na tunda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Chapati na chai havikufikishi huko.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini tumbo lake lilijaa gesi alipoanza kula maharage kila siku. Ni bakteria walewale, wameletewa kazi ghafla. Ongeza polepole, kunywa maji, loweka maharage usiku kucha na umwage maji yale.

Kilichonigusa kuliko vyote ni togwa, kwa sababu ya mjukuu. Binti yangu alipofikia kumwanzishia mtoto chakula cha nyongeza, alitaka kununua unga wa kopo. Nikamwomba tujaribu kwanza tulichonacho. Tuliloweka ulezi, tukauacha uote, tukaukausha juani, tukausaga ukawa kimea. Uji mzito unaosimama kwenye kijiko, ukiutia kimea kidogo ungali na moto wa wastani, unalegea mbele ya macho yako. Nilimwita binti yangu aone. Nafaka inayoota hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi ili kuuvunja wanga uliohifadhiwa ndani ya mbegu, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoukata wanga wa uji. Faida yake kwa mtoto ni kubwa. Tumbo lake ni dogo, na uji ukiwa mwepesi kwa kuongezwa maji anashiba maji. Ukilegezwa kwa kimea, unga ni uleule mwingi, na anaumeza.

Ukiachwa uchachuke, bakteria wa asidi laktiki wanautia ukali ambao vimelea wengi wa kuharisha hawauwezi. Jambo hili lilichunguzwa hapa Tanzania. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha mwaka 1994 matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa waliugua kuharisha kwa kiasi kidogo kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Miaka thelathini imepita. Na mabinti zetu bado wanaambiwa, hata na watu waliosoma, kwamba togwa ni chakula cha wasio na kitu. Inaniuma. Usafi wa mikono na vyombo uzingatiwe, maji yachemshwe, na maziwa ya mama yaendelee. Baada ya hapo togwa ina haki ya kuheshimiwa kama lishe nyingine yoyote.

Kuhusu afya yangu: sukari yangu imerudi kwenye kiwango cha kawaida. Presha imeshuka kiasi kwamba daktari alipunguza dozi. Alipunguza yeye, baada ya kunipima mara kwa mara, mimi sikugusa. Kiuno kimepungua, na uchovu wa alasiri ulionifanya nisahihishe madaftari huku nasinzia umeondoka. Siwezi kuapa kwamba ni chakula tupu, maana nimeanza pia kutembea jioni na chumvi nimeipunguza sana. Nikitumia kanuni yangu mwenyewe ya kidato cha kwanza, nimebadilisha vitu vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana nategemea jaribio la wale wanaume 77 kuliko hadithi yangu, nanyi fanyeni hivyohivyo. Kwa utulivu wa moyo namshukuru Mungu, na nawashukuru waliokubali kutoa damu yao ili sisi wengine tujue.

Mama alipoona nimepungua aliuliza ni dawa gani mpya. Nikamweleza habari za KCMC, Waholanzi, protini na damu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mlikuwa mnataka mzungu naye apime." Nikamwambia hapana mama, aliyetangulizwa jina ni kijana wa kwetu. Akafurahi sana. Nami nasema kwa uzito wote: kupima kulihitajika. Bila kupima tungebaki na ubishi wa wazee na vijana, na katika ubishi huo anayeshinda siku hizi ni tangazo la soda.

Shuleni kwetu kamati ya chakula imekubali uji wa asubuhi utengenezwe kwa dona na ulezi, na sukari ipungue. Wanafunzi walinuna, kisha wakazoea. Bado mchana ni uleule ugali na maharage, nao kwa kweli ni mlo mzuri ambao tumeudharau bure. Kilichokosekana ni mboga za majani, na bustani ya shule imeanza kuzitoa.

Maombi yangu ni haya. Watafiti wa vyuo vyetu, matokeo yenu msiyaache kwenye majarida ya Kiingereza. Yaandikeni kwa Kiswahili, muyabandike zahanati, muyasome kwenye mikutano ya vijiji vilivyowapa damu. Wazazi mnaowafungasha watoto kwenda bweni, punguzeni biskuti na juisi za unga, wekeni karanga zilizochambuliwa vizuri na matunda. Wenye kamati za harusi, andikeni ndizi, mboga na mtindi kwenye bajeti kabla ya kreti za soda. Na wewe uliyepita arobaini na hujapima presha wala sukari, nenda wiki hii. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoelekezwa, na jioni hiyohiyo pika maharage.